Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii

Matapeli wa mtandao wanapita kwenye mlango ambao hauna kufuli: uhusiano wako na watu unaowapenda. Wewe na mwenzi wako mmejipangaje?

Mpenzi msomaji, kama una simu ya mkononi na unaishi Bongo, meseji hii imeshakufikia, tena zaidi ya mara moja: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." halafu linafuata jina la mtu usiyemjua kabisa. Wengi wetu tunacheka, tunafuta, maisha yanaendelea. Imeshakuwa utani wa vijiweni na kwenye daladala. Lakini hebu jiulize, kama kila mtu anaijua, kwa nini hawa jamaa hawajaacha kuituma?

Jibu ni rahisi na linauma kidogo. Wanaituma kwa sababu bado inalipa. Mtumaji hajui wewe ni nani. Anairusha kwa namba nyingi kadiri awezavyo, akijua kwamba katika jiji kama Dar, saa hiyo hiyo, kuna mtu Mbagala amemuahidi mwenye nyumba kodi, kuna mtu Tegeta anasubiri namba ya fundi, na kuna kijana Mwananyamala ambaye mchumba wake amemwambia asubuhi, "Baadaye nitakutumia namba ya kuweka ile hela." Kwa hao, meseji inafika kama kitu walichokuwa wanakisubiri.

Yaangalie maneno yenyewe, maana mtunzi wake si mjinga. "Ile hela" inakuambia kwamba mnajuana na mlishazungumza. Hakuna kiasi kilichotajwa, hakuna sababu. Utajaza mwenyewe kichwani. Halafu hicho kipande cha "jina litakuja". Huduma za kutuma pesa kwa simu zina ulinzi mzuri sana: kabla hujaweka namba ya siri, unaoneshwa jina la mwenye namba unayoitumia. Ukitaka kumtumia mkeo ukaona jina la mwanaume wa mkoa mwingine, unashtuka na kuacha. Sasa tapeli anakuwahi. Anakutajia jina mapema ili likitokea usishtuke, badala yake uone kila kitu kiko sawa. Ulinzi uliowekwa na wataalamu wa programu umeondolewa kwa maneno mawili tu ya Kiswahili.

Hapo ndipo penye somo letu la mwezi huu. Hakuna kompyuta iliyovunjwa wala mtambo uliochezewa. Kilichotumika ni imani uliyonayo kwa watu wako.

BARUA YA MAPENZI ILIYOITIKISA DUNIA

Mbinu hii haikuanzia kwetu. Mei 4, 2000, watu wa ofisi mbalimbali duniani walifungua barua pepe zao wakakuta ujumbe wenye kichwa cha habari kisemacho ILOVEYOU, yaani nakupenda. Ndani yake kulikuwa na faili lililoambatanishwa likijiita barua ya mapenzi. Na uliyekuwa unamuona kama mtumaji hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa bosi wako, mfanyakazi mwenzako, au yule dada wa idara ya uhasibu ambaye siku zote unamsalimia kwa aibu.

Nani asingefungua? Ukishafungua, faili lile, ambalo kumbe lilikuwa programu ndogo, lilikuwa linaharibu picha na mafaili mengine kwenye kompyuta yako, kisha linajituma lenyewe kwa kila mtu aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani, kwa jina lako. Kwa muda mfupi kompyuta zaidi ya milioni 10 ziliambukizwa. Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa barua pepe. Hata Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani, yaliguswa.

Aliyekitengeneza kirusi hicho ni Onel de Guzman, kijana wa Manila, Ufilipino, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta cha AMA. Chuoni alikuwa amependekeza kufanya mradi wa programu ya kuiba nywila za watu ili wasio na hela waweze kuingia kwenye intaneti bure. Walimu wakaukataa. Polisi walipomfikia, ikaonekana Ufilipino haina sheria ya kumshitakia, na mashitaka yakafutwa. Sheria ikapitishwa Juni 2000, lakini sheria hairudi nyuma kumkamata mtu.

Mwandishi wa Uingereza, Geoff White, alimtafuta miaka karibu 20 baadaye, akamkuta kwenye kibanda cha kutengeneza simu mjini Manila, kibanda ambacho kingekaa vizuri tu pale Kariakoo. Hapo de Guzman akakiri kwamba kirusi kilikuwa cha kwake. Na alipoeleza kwa nini alichagua kichwa cha mapenzi, sababu yake ilikuwa nyepesi kabisa: aliona watu wengi wanatafuta kupendwa.

Hiyo ndiyo siri yote. Wataalamu wanaweza kuziba matundu ya programu kila wiki, lakini hakuna programu ya kuziba hamu ya mtu kusikia kutoka kwa anayempenda.

ALAMA ZA VIDOLE HAZIKUMALIZA KAZI

Turudi nyumbani. Kabla ya pesa kuhamia kwenye simu, ukitaka kumtumia mama hela kijijini ulifunga bahasha ukampa kondakta wa basi, ukaomba Mungu ifike. Safaricom walianza M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, na Aprili 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Zikafuata Tigo Pesa, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa na nyingine. Ilikuwa ukombozi. Lakini pochi ilipohamia kwenye simu, mwizi naye akanunua laini.

Serikali ikaamua kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA. Zoezi lilianza Mei 1, 2019, likapangwa kuisha Desemba 31, kisha Rais John Magufuli akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Bila shaka unazikumbuka zile foleni za NIDA. Matumaini yalikuwa kwamba tapeli hatakuwa na pa kujificha, kwa sababu kila namba itakuwa na mwenyewe.

Matapeli wakarudi kwenye mbinu yao ile ile, wakawatumia watu. Unasajili laini kwa kijana mwenye mwamvuli pembeni ya barabara, Tandika au popote. Anakuambia, "Dada, kidole hakijasoma, weka tena." Unaweka tena. Kama kijana si mwaminifu, hicho kidole cha pili kinaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Siku polisi wakitafuta mwenye ile namba ya "tuma hela", jina litakalokuja ni lako.

Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikahimiza wananchi wapige *106# wazione namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Kama hujawahi kufanya hivyo, weka gazeti chini upige sasa hivi. Tutakusubiri.

HATA WENYE BUNDUKI

Usije ukadhani wanaonaswa ni watu wa uswahilini tu. Mei 20, 2025 akaunti ya mtandao wa X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa. Waliodukua wakaitumia kutangaza uongo kwamba Rais Samia Suluhu Hassan amefariki, pamoja na kurusha maudhui machafu. Jeshi likakanusha, lakini hadi usiku huo watu wengi nchini walikuwa hawawezi tena kuufungua mtandao wa X.

Tuache siasa kidogo, tuangalie utaratibu. Uongo ule ungeandikwa na mtu asiyejulikana, wangapi wangeusimamia? Nguvu yake ilitoka kwenye jina lililoandikwa juu yake. Watu wanaiamini akaunti ya polisi kama unavyoiamini namba uliyoiandika "Mpenzi" kwenye simu yako. Anayeiteka akaunti hateki mashine, anaazima sauti ya mtu unayemwamini.

Hivyo ndivyo akaunti za WhatsApp zinavyoibwa kila siku. Unapata ujumbe kutoka kwa rafiki: "Samahani, kuna namba sita nimezituma kwako kimakosa, nirudishie." Namba zile sita ndizo ufunguo wa akaunti yako mwenyewe; ukizitoa, umemkabidhi mtu nyumba. Dakika chache baadaye marafiki zako wote wanaombwa laki moja kwa jina lako, na ahadi ya kurudisha jioni.

SASA TUJE KWENU WAWILI

Swali linalogombanisha watu wengi kwenye uhusiano ni hili: je, wapenzi wapeane namba za siri? Kuna wanaosema bila hivyo hakuna mapenzi. "Kama huna unachoficha, kwa nini usinipe paswedi?" Na kuna wanaosema simu ni kama mswaki, hauazimishwi hata kwa mke.

Kwa mtazamo wangu, swali hili linachanganya mambo mawili tofauti. Moja ni uaminifu, kwamba huna mtu mwingine na huna deni la siri. La pili ni ulinzi, kwamba ufunguo wa hela uko kwa watu wachache iwezekanavyo. Mtu anaweza kukupa namba zake zote na bado akakusaliti kwa simu ya pili. Na mwingine anaweza asikupe hata moja akawa mwaminifu hadi kaburini.

Fikiria hesabu hii. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano wa namba 10,000. Ukichagua mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mtoto, umebakiza chini ya 100 zinazoelekea kuwa kweli. Na mtu anayejua mwaka wa kuzaliwa mtoto wako hakai Manila. Ni shemeji, ni dada wa kazi, ni jirani mliyepanga naye nyumba moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapo bado hatujazungumzia tabia yetu ya kumkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia.

Sheria nayo ina la kusema. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, ikiwa ni pamoja na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu kwa makusudi na bila uhalali kuwa kosa, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili. Na kwa wanaodai kwamba ndoa inafuta "changu na chako", Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishasema zamani hizo, kabla simu ya mkononi haijaota hata ndotoni, kwamba kufunga ndoa peke yake hakubadilishi umiliki wa mali ya mume au ya mke.

Hii haina maana umpeleke mumeo polisi kwa kusoma meseji. Ina maana kwamba kuchungulia simu ya mwenzio usiku wa manane, au kuichukua dakika moja ukaiunganisha WhatsApp yake na kompyuta yako ili usome kila kitu ukiwa ofisini, si haki ya mapenzi. Na kuna hatari nyingine watu hawaifikirii. Ukishaufungua mlango wa mwenzi wako kwa siri, umeufungua kwa yeyote atakayeshika hiyo kompyuta yako: fundi, mfanyakazi mwenzako, au mwizi.

Ila nawaelewa wanaouliza, "Je, mwenzangu akifariki ghafla, hela zitakwenda wapi?" Swali hilo ni la msingi, hasa kwa vijana wanaojenga Chamazi au Bunju kwa fedha za wawili. Lakini hapo mwenzio anachohitaji kwanza ni kujua ulichonacho na kilipo: laini gani, benki gani, kikundi gani cha kuweka akiba, nani unamdai na nani anakudai. Akiwa na orodha hiyo, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anaweza kufuatilia. Asipokuwa nayo, hela zinaweza kukaa kwenye laini bila mtu yeyote kujua kuwa zipo.

MJIPANGE HIVI

Keti na mwenzi wako jioni moja, TV imezimwa, mkubaliane mambo haya machache. Hayahitaji utaalamu wowote wa kompyuta.

Pigeni kabla ya kutuma. Meseji yoyote inayoomba hela kwa namba mpya, hata kama imetoka kwa mke, mume au mama mzazi, ijibiwe kwa kupiga simu kwenye namba mliyoizoea. Mkubaliane kwamba kupigiwa si kuonyesha wasiwasi, na kwamba hakuna atakayenuna. Tapeli anaishi kwa haraka na aibu yako. Dakika moja ya kuulizana inamnyima vyote viwili.

Muwe na neno lenu. Chagueni neno ambalo halipo Facebook wala Instagram, hata la kuchekesha. Mmoja akipiga kwa namba ya mtu mwingine akidai kaibiwa simu, mwingine aulize neno. Asilijue, hela haitoki.

Badilisha majina kwenye simu. "Mume Wangu", "Sweetheart", "Baby" na "Mama Mzazi" ni zawadi kwa aliyekupora simu kituoni. Anajua mara moja nani wa kumwomba hela, na aombe kwa lugha gani. Mwandike kwa jina lake la kawaida, mapenzi yako atayajua kwa njia nyingine.

Badilisha namba ya siri leo. Isiwe mwaka, isiwe tarehe ya harusi, isifanane na ile ya kufungulia simu. Kwa wakala, bonyeza mwenyewe.

Washa hatua ya pili ya WhatsApp. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna uthibitisho wa hatua mbili, unaoweka namba nyingine sita unazozijua wewe tu. Ukiwa hapo hapo, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, itoe. Kisha uliza kwa upole, usianze na ngumi.

Ukiona mtandao umekatika ghafla kwenye simu yako peke yako huku wenzio wa kampuni hiyo hiyo wakipiga kama kawaida, usisubiri asubuhi. Huenda mtu ametengeneza laini mpya yenye namba yako. Chukua simu ya mwenzio uwapigie huduma kwa wateja wafunge akaunti ya pesa mara moja.

Andikeni orodha ya mali na madeni, bila namba za siri, muiweke kwenye bahasha iliyofungwa mahali mnapopajua wote wawili. Ipitieni kila mwaka.

Na mmoja wenu akitapeliwa, usimcheke. Nalisema hili kwa uzito. Mtu aliyetuma laki tatu za kodi kwa tapeli akiogopa kugombezwa nyumbani atakaa kimya, atakopa ili azibe pengo, na deni litakuja kuvunja ndoa kuliko zile laki tatu zenyewe. Akikuambia ndani ya dakika tano, kuna nafasi ya kupiga simu kwa kampuni na kuzuia muamala kabla hela hazijatolewa. Akikuambia baada ya mwezi, hakuna cha kuokoa. Namna unavyopokea habari mbaya ndiyo inayoamua utaambiwa lini.

Kuhusu ile meseji, ikikufikia tena, na itakufikia, usiifute kwanza. Isambaze kwenda 15040, namba ya bure ya kuripoti utapeli, ufuate maelekezo. Halafu mtumie na mwenzi wako, mcheke pamoja.

Tukutane mwezi ujao.